Wagombea Wawili Kwenye Kichanja cha Bibi Kandida

Mlikuja kwangu baada ya misa, mkakaa watatu kwenye benchi langu, mkaniuliza mtu anagombeaje udiwani. Niliwajibu mawili matatu, mkanywa togwa, mkaondoka mkicheka. Tangu mwondoke sijatulia. Nimewaza hata nikaunguza maharage. Si kwamba hamna akili, akili mnazo kunizidi. Kilichonikosesha raha ni kwamba nyote watatu mlikuwa mkizungumza kama watu wasioogopa chochote. Ndiyo maana nawaandikia haya, myasome kwa zamu, na mkimaliza mnirudishie karatasi zangu.

Mimi nimeogopa miaka yote ya kazi hii. Nilikuwa diwani wa kata yetu vipindi viwili. Kabla ya hapo niligombea nikaanguka, nikagombea tena nikaanguka, na kabla ya hayo yote nilizunguka na wagombea wengine milima hii yote nikiwabebea spika na kuwapikia. Tumbo langu halikuzoea hata siku moja. Marehemu mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema kwamba kama kura zingehesabiwa kwa safari za chooni, ningepita bila kupingwa.

Aliyenifundisha ni Mzee Osmundi, aliyekuwa diwani zamani kabla hamjazaliwa, baadaye akawa meneja wangu wa kampeni. Mtu mfupi, mkali, anayependa kucheka peke yake. Jambo la kwanza alilonifundisha ni mahali pa kusimama. Kwetu hakuna tambarare. Ukiita mkutano, unaita watu mteremkoni. Mgombea mgeni atapanda juu ili aonekane, kisha anawahutubia watu waliopinda shingo kama kuku wanaotazama mwewe. Mzee Osmundi alinishika mkono akanishusha chini kabisa, watu wakakaa juu yangu. Akaniambia, hapo wanakuona vizuri, sauti inapanda yenyewe, na kila mmoja anajiona mkubwa wako. Mnaoomba kura, msisahau: anayeomba hukaa chini.

La pili ni kuhusu spika. Nyinyi mnasema mtakodi gari la muziki kutoka mjini. Kodini. Lakini mkumbuke kwamba milima yetu imetazamana. Unachosema kwenye mteremko huu kinasikika mteremko wa pili, mtu akiwa zake anapalilia. Kuna mgombea mmoja, simtaji, aliwaahidi watu wa huku kwamba daraja litajengwa kwao, penye njia yao. Kesho yake akavuka mto akawaahidi wa kule kwamba litajengwa kwao. Walimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha bibi mmoja akasimama akamwambia, jana tulikusikia, mwanangu, tukadhani umeshamaliza. Huyo hakurudi kugombea tena, siku hizi ana duka la vipuri vya pikipiki na anaendelea vizuri.

La tatu, msikatize ngolo za watu. Najua nanyi mmelima ngolo, mnajua jasho lake: nyasi zikatwe, zipangwe miraba mteremko mzima, zifukiwe kwa udongo mpaka mlima uwe mashimo matupu kama sega la nyuki. Lakini mtu akishavaa fulana ya kampeni anasahau. Anaona njia ya mkato, anapita juu ya matuta na wapambe wake nyuma. Mwenye shamba anamwona kutoka mlangoni. Hamwambii kitu. Ndiyo kura imeenda hivyo.

Na msidhani kila mahali ni kwetu. Mwaka mmoja niliteremka hadi upande wa ziwa, kule Kihagara, kumsaidia rafiki yangu. Tuliitisha mkutano saa nne asubuhi, saa nzuri kabisa kwa watu wa milimani. Tukakuta watoto, mbuzi, na usipa, dagaa wa kule, walioanikwa mchangani. Wanaume wote walikuwa wamelala kwa sababu usiku walikuwa ziwani na taa zao wakivua. Rafiki yangu alihutubia watoto. Nilirudi na usipa na aibu, na nilikuwa na hofu mpya: kwamba hata saa inaweza kumwangusha mgombea.

Sasa niwaambie nilichokusudia tangu mwanzo, maana nazunguka.

Mara ya kwanza niliangushwa na swali moja tu: huyu ni wa wapi? Nimezaliwa ng'ambo ya mto, nimeolewa upande huu. Watu wa Ng'ambo wakasema, binti yetu tulishamtoa, ni wa kule. Watu wa huku wakasema, huyu ni mke wa kuja, ana kwao. Nikabaki katikati, mtoni, na ndipo hasa nilipokuwa kwa roho. Pale mtoni palikuwa na daraja la magogo ambalo kila masika maji yalilichukua. Mwanangu wa mwisho, Festo, alikuwa miongoni mwa watoto waliovuka kwenda shule wameshikana mikono. Mvua ikinyesha juu, nilisimama mlangoni na mwiko mkononi mpaka nimwone anapanda. Kila siku ya masika. Sikutaka udiwani ili niitwe mheshimiwa, nilitaka kukaa kwenye kile kikao cha baraza la madiwani Mbinga niwasumbue mpaka lile daraja lijengwe kwa zege.

Mara ya pili katibu wa chama chetu aliniambia wazi: "Mama Winfrida, hii ndiyo ya mwisho. Ukianguka, tutampa mwingine." Sawa. Na mpinzani wangu safari hiyo alikuwa Mwalimu Batholomeo wa Ng'ambo, mwalimu mkuu mstaafu, aliyenifundisha mimi mwenyewe kusoma nikiwa darasa la kwanza. Mnajua hali ya kumpinga mtu aliyewahi kukushika mkono ukiandika herufi? Kila nilipomwona nilitamani kusimama na kusema, shikamoo mwalimu, na nilisema. Naye alikuwa mzungumzaji kweli. Hakusoma hotuba kwenye karatasi hata mara moja, yote yalitoka kichwani, na watu walimsifu kwa hilo.

Uchaguzi wetu, kama mjuavyo, huangukia mwisho wa msimu wa kahawa. Kampeni zikianza watu wanachuma, zikikaribia mwisho wanaanika. Mkiona mgombea hatazami mbingu, jueni si wa huku. Kahawa ikishamenywa na kuoshwa inakaa juani kwenye vichanja vya wavu siku nyingi, ikigeuzwa na kugeuzwa, na mvua moja ya kupotea njia inaharibu jasho la mwaka mzima.

Basi, ikabaki wiki ya mwisho. Nikaitisha mkutano Ng'ambo, kwenye kilima cha Mwalimu mwenyewe. Nilisimama chini, watu juu, nikaanza. Na nisiwafiche, siku ile nilizungumza vizuri. Niliwaambia ninyi mlinizaa, wale walinioa, mto ni mmoja. Nikaona vichwa vinakubali. Ndipo nikaona akina mama wa mstari wa nyuma wanageuza shingo, mmoja, halafu mwingine. Wingu lilikuwa limetokea upande wa ziwa, jeusi, linakuja mbio.

Nilikuwa sijafika hata kwenye habari ya daraja. Nikasema kwenye spika: "Nendeni mkafunike kahawa. Mengine tutazungumza." Mlima ulimwagika. Mzee Osmundi alinitazama kwa mara ya kwanza kama mtu anayejivunia mwanafunzi wake. Nami nikajiona nimeshinda. Angalieni hapo, vijana: ilikuwa mara ya pekee katika kampeni ile yote niliposahau kuogopa.

Wafuasi wangu tuliovuka nao hawakuwa na kahawa ya kufunika kule, kwa hiyo wakakimbia kusaidia. Mmoja akaona nyumba ya Bibi Kandida haina mtu. Bibi Kandida ni mjane, mke wa marehemu mdogo wake Mwalimu Batholomeo, na siku hiyo alikuwa ameenda kliniki Mbinga. Uani palikuwa na vichanja viwili. Kimoja kilikuwa na kahawa iliyokauka kabisa, imebaki kupelekwa chama cha msingi cha wakulima. Kingine kilikuwa na ya juzi, bado ina maji. Na turubai lilikuwa moja tu, la pili alilifungia ndani. Matone yalishaanza, kila mmoja anataka aonekane ameokoa. Wakakusanya yote wakaiweka pamoja, wakafunika, wakarudi kwangu wanaimba.

"Mama, ya Bibi Kandida yote iko salama, tumeiweka chini ya turubai moja."

Watoto wa kahawa wale, wamezaliwa kwenye kahawa, na furaha ya kampeni iliwapofusha. Kahawa mbichi ukiichanganya na kavu, kavu inanyonya maji, zote zinaoza kwa pamoja na kutoa harufu. Nilitaka turudi pale pale, lakini mvua ilishafunga njia na mto ulikuwa unapanda, Mzee Osmundi akatuvusha kwa nguvu.

Bibi Kandida alirudi jioni ile na bodaboda, akafunua turubai. Walioshuhudia wanasema hakupiga kelele. Alifunika tena, akaingia ndani. Lakini milima imetazamana, na siku hizi kuna magrupu ya simu. Asubuhi nilipotoka kuchota maji nilikuta habari imenitangulia bombani: Mama Winfrida amemharibia mjane kahawa. Kabla ya saa nne vijana wa Mwalimu walikuwa na wimbo, wanaupiga kwenye spika, unasema hawa wakipewa kata wataichanganya hivyo hivyo. Wimbo ulikuwa mtamu, hata Festo nilimkuta anauimba bila kujua.

Wafuasi wangu walitaka kutengeneza mambo kwa njia ya kwetu. Kila mmoja alete debe la kahawa kavu, tumrudishie Bibi Kandida. Mzee Osmundi akafoka. Mgombea akimpa mpiga kura hata kibaba cha mahindi wakati wa kampeni, hiyo ni rushwa, anaweza kufutwa. "Ukimpa, umefutwa," akaniambia. "Usipompa, umekwisha." Kisha akacheka peke yake, nikamchukia kwa muda.

Nilivuka peke yangu. Nilimkuta Bibi Kandida uani, turubai limefunuliwa, anachambua rundo lile punje kwa punje. Nikampa shikamoo. Akaitika bila kuinua kichwa.

"Umekuja na spika?"

"Hapana, Bibi."

"Basi nenda hivyo hivyo kimya."

Nikanyoosha mkono nimsaidie, akaupiga kofi kama wa mtoto. Akasema nikigusa kahawa yake, kesho watasema nimemfanyia kibarua ili anipe kura, naye ataitwa kutoa ushahidi, na yeye hataki kuitwa mahali. Nikasimama pale kama mti. Rundo lilikuwa kubwa, yeye ni mmoja, na jua lilikuwa linapanda. Nilijua kwamba kwa kasi ile itaoza kabla hajafika nusu, na kiti changu kitaoza nayo, na masika yanakuja.

Wazo lilinijia kwa woga, si kwa akili. Nilipanda moja kwa moja nyumbani kwa Mwalimu Batholomeo. Alikuwa amekaa juani na redio yake. Nikampa shikamoo kutoka mbali, akaijua sauti yangu. Nikamweleza: mimi siruhusiwi kugusa, kwa sababu mimi ni mgombea. Lakini wewe nawe ni mgombea. Tukikaa wote wawili, hakuna anayeweza kusema mmoja wetu amenunua kura. Nilizungumza haraka, nikimaliza sentensi sijui imeanzia wapi.

Akapunguza redio.

"Vijana wangu wananiambia tuiache ioze mpaka siku ya kura," akasema.

"Na wewe unasemaje, Mwalimu?"

Akavua kofia ya chama chake, akaiweka juu ya redio. "Kandida ni mke wa mdogo wangu. Nitangulie, nakuja nyuma yako."

Ndivyo tulivyokaa kwenye kichanja cha Bibi Kandida, wagombea wawili, mimi na yeye bega kwa bega na mwenyewe mbele yetu. Bibi Kandida alitoa masharti: hakuna fulana za chama, hakuna kutaja kata, anayetaka kusaidia akae, anayetaka kutazama akatazame mpira. Walikaa wengi, wa kwake na wa kwangu. Tulichambua kutwa. Kahawa ilikuwa imelala pamoja, kwa hiyo kwa mkono zote zilikuwa na ubaridi ule ule. Tofauti ilikuwa kwenye rangi: kavu ina ganda la njano kama majani makavu, mbichi ni nyeupe yenye kijivu. Kavu kulia, mbichi kushoto. Kazi ya macho.

Baada ya muda nikatupa jicho kwenye rundo la kulia la Mwalimu. Lilikuwa na mbichi nyingi. Nikadhani amechoka. Nikatazama la kushoto, nako kavu zimejaa. Nikamtazama yeye. Vidole vilikuwa vinakwenda mbio, vya mwalimu kabisa, lakini macho yalikuwa yametazama mahali fulani juu ya migomba. Ndipo mambo yakajipanga kichwani kwangu: hotuba zisizo na karatasi. Mke wake anayetangulia siku zote kwenye njia. Shikamoo yangu aliyoitambua kwa sauti. Mwalimu wangu alikuwa haoni, au anaona ukungu tu, na zaidi ya mke wake hakuna mtu kwenye kata yetu aliyejua.

Kiti kilikuwa pale, kimeletwa mpaka mkononi. Neno moja tu kwenye spika: mnamchagua mtu asiyeona, atasomaje makabrasha ya baraza? Nisingesema uongo wowote. Na mimi nilikuwa na daraja, nilikuwa na mtoto anayevuka.

Alipogeuka kukohoa, nikapitisha mkono nikahamisha punje zake mbichi kwenda kushoto na kavu kulia. Aliponywa maji, nikafanya tena. Nilifanya hivyo mpaka jioni, nachambua rundo langu na lake, mgongo unawaka. Mara moja niliinua kichwa nikakuta Bibi Kandida ananitazama kutoka ng'ambo ya wavu. Alisogeza sahani ya viazi karibu nami, akaendelea.

Jua lilipoanza kushuka, kahawa yake karibu yote ilikuwa imerudi mahali pake. Nikamuaga. Akaniambia, "Kahawa imerudi. Kuhusu kura sijasema kitu." Watu wakacheka, na mimi nikacheka, nikitamani kulia.

Siku zilizobaki zilikuwa za mateso. Mzee Osmundi alinisumbua kama inzi. Umekaa naye kutwa nzima, umeona nini? Mtu haketi kutwa bila kuonyesha kitu. Nilimwambia nimeona kwamba amezeeka, basi. Alinitazama sana, akajua nina kitu na simpi. Kila mkutano nilipanga kulisema. Nilikuwa nalo mdomoni, nimelipangia hata maneno ya upole, maskini mwalimu wetu, tumpumzishe. Kisha nikishika spika nakumbuka kwamba milima imetazamana. Kichwani nilimwona amekaa pale juani, redio ameipunguza, ananisikia mimi, mtoto aliyemshika mkono kwenye herufi, namtangaza kipofu kwa mlima mzima. Nalimeza lile neno. Nasema habari ya mbolea.

Nikaanguka. Matokeo yalibandikwa ukutani kwenye kituo, nikayasoma mwenyewe, nikarudia kuyasoma. Tulipishana kidogo sana, kiasi kwamba lile neno moja lingetosha. Wote walijua tumepishana kidogo, mimi peke yangu nilijua kwa nini. Nilijiita mjinga njia nzima. Masika yakaja, nikasimama mlangoni na mwiko wangu, maji yamejaa, Festo hajatokea, na nilimchukia Mwalimu, nikamchukia Bibi Kandida na viazi vyake, nikajichukia mimi kuliko wote. Festo alifika amelowa mpaka shingoni. Nilimpiga, halafu nikamkumbatia.

Mvua zilipopungua, bodaboda alinifuata shambani. Akasema diwani ananiita, yuko kwa Bibi Kandida. Nikadhani ni ugomvi. Nilivuka hivyo hivyo. Nikamkuta Mwalimu barazani, mezani kuna kabrasha nene la kikao cha baraza. Hakunisalimia habari ndefu. Alilisukuma kwangu, akasema neno alilokuwa akiniambia darasa la kwanza: "Soma."

Nikasoma. Kuanzia siku hiyo, kila kabla ya kikao, nilivuka nikamsomea, naye akashika yote kichwani, akaenda Mbinga akasimama akasema ukurasa fulani, aya fulani, wenzake wakashangaa. Chama changu waliniita msaliti, chama chake walimwuliza kwa nini anakaa na mpinzani. Tuliwaambia tunasali rozari. Kazi ya udiwani niliijua pale barazani, si kwenye semina yoyote: bajeti inavyosomwa, mtendaji anavyokwepa swali, barabara inavyopotea kati ya kikao na kikao. Daraja alilianzisha yeye, mimi nikalimalizia kwenye kipindi changu. Alipokwisha kufanyiwa upasuaji wa jicho kwenye hospitali ya misheni alisema ameshaona vya kutosha, hatagombea tena. Katibu wetu, aliyekosa mwingine wa kumpa, akanirudisha mimi. Mkutano wangu wa kwanza baada ya hapo Mwalimu alikuja mwenyewe, akasimama chini kabisa ya mteremko, akanipigia debe, bila kujali chama chake. Na watu waliponiuliza mimi ni wa wapi, Bibi Kandida alijibu kwa niaba yangu kutoka juu: huyu ni wa mtoni.

Lakini kuna siku moja ninayotaka mwondoke nayo. Ilikuwa kabla ya upasuaji, tuko barazani, nasoma mambo ya zahanati. Akaniinulia kidole ninyamaze.

"Siku ile kwenye kichanja," akasema, "nilikuwa nakusikia."

Niliendelea kushikilia ukurasa.

"Macho yalikuwa mabovu, masikio hayakuwa. Kila nilipokohoa, nilisikia punje zinaanguka kwenye wavu upande ambao sikuziweka. Nikajua umejua. Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba kampeni imekwisha, kesho utanitangaza. Nikakaa nikisikiliza spika yako siku zote zile. Mbona hukusema?"

Ningeweza kumwambia kwamba ni heshima, ni mwalimu wangu, ni malezi ya dini. Bibi Kandida alikuwa anapepeta mchele pale pembeni, akaacha kupepeta.

"Niliogopa, Mwalimu," nikasema. "Sikuwa mwema. Kila nikishika spika nilikuona umekaa pale unanisikia, naogopa."

Alipapasa meza, akaupata mkono wangu, akaurudisha juu ya ukurasa, kama alivyofanya miaka ile.

"Basi usije ukaacha kuogopa," akasema. "Endelea, zahanati."

Nikaendelea kusoma.